Mbeba Stuli

Tarehe 3 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, kabla hujasema shikamoo. Umemlalamikia mama yako kwamba ukipiga simu baba anaguna mara mbili kisha anaikata. Sasa sikiliza. Simu inataka pumzi, na pumzi niliyo nayo ni ya kupumulia tu, ya maongezi imekwisha. Nikisema maneno matano natweta kama nimekimbizwa na nyuki. Wewe ukinisikia unaanza kulia, na mama yako akikusikia unalia anaanza kunitazama kama maiti. Karatasi haisikii nikihema. Kwa hiyo kuanzia leo mimi na wewe ni watu wa barua.

Halafu simu yenyewe ni moja kwa nyumba nzima, na kwa kuwa misumeno ya kiwandani ilinila masikio pamoja na mapafu, lazima iwekwe spika. Ukipiga, mpaka kuku wa jirani wanapata habari.

Habari yangu ni hii. Daktari amesema kifua changu hakiponi. Vumbi la mbao limekaa humo tangu hujazaliwa, mapafu yamechakaa, hayarudi, kazi iliyobaki ni kutunza kilichobaki. Basi mimi nikarudi nyumbani nikalala, nikidhani ndiko kutunza. Mama yako akaniletea maji kitandani, sahani kitandani, beseni kitandani. Nikawa mfalme. Miguu ikawa fito. Mwisho ikawa kwenda msalani tu nahema, na nikihema naogopa, na nikiogopa kifua kinajifunga, na kikijifunga ndiyo naogopa zaidi. Sijui nikueleze vipi ile hofu, mwanangu. Kufa mtu hufa mara moja. Hii unakuwa hai, mdomo wazi, na hewa haiingii.

Juzi tukapelekwa kwa mama mmoja wa mazoezi pale hospitali, mfupi, ana sauti ya mwalimu wa zamu. Akaniuliza: “Mzee, nani kakwambia ulale?” Hakuna aliyeniambia. Akanifundisha kupumua: vuta kwa pua, toa kwa midomo iliyobanwa, polepole, kama unapoza chai. Hofu ikija, inama kidogo, mikono magotini, poza chai. Na kila siku nitembee. Nikitembea nikaweza kuongea lakini nisiweze kuimba, hapo ndipo penyewe. Nikamwambia mimi hata nikiwa mzima watu walinikataza kuimba.

Kumbe mama yako alikuwa anasikiliza kuliko mimi. Kesho yake asubuhi namkuta mlangoni, kajifunga kanga kiunoni, kashika stuli ya plastiki, ya bluu. “Tembea, mimi niko nyuma yako. Ukichoka, geuka tu, kiti kipo.” Mimi! Nimeunda viti vya nusu ya mji huu, leo nafuatwa na plastiki! Tulipofika kona, Fundi Viatu akasimama akapiga saluti: “Mheshimiwa na mlinzi wake!” Mtaa mzima ukacheka. Nilitaka kumjibu, pumzi ikakataa.

Barua hii anaipeleka mama yako, posta kule juu kilimani. Nimeapa iko siku nitaipeleka mwenyewe.

Baba yako


Tarehe 14 Februari

Baba, shikamoo,

Nimeisoma barua yako chumba cha pasi, mvuke umejaa mpaka wino ukaanza kutapakaa. Mashuka ya hospitali nzima yanatusubiri sisi, na mimi nimesimama nacheka peke yangu. Wenzangu wakauliza kulikoni. Nikawasomea pale pa saluti. Sasa humu ndani kila anayebeba kapu la nguo nyuma ya mwenzake anaitwa mlinzi.

Baba, nenda. Mwenda pole hajikwai. Nikiwa mdogo ulinibeba mabegani mpaka posta ile ile kutazama magari ya barua, unakumbuka? Ukifika, nitumie barua yenye mkono wako kwenye bahasha, nitajua tu.

Na Mama je? Umeniandikia ukurasa mzima na habari zake ni kanga na stuli. Mwambie aniandikie na yeye.

Chiriku wako


Tarehe 25 Februari

Mwanangu,

Baba yako amesinzia, naandika haraka hapa jikoni. Barua hii usiitaje kwenye simu hata kwa mafumbo, unajua spika ilivyo. Ukinijibu, juu ya bahasha andika jina la Fundi Viatu, mimi nitaichukua kwake.

Siku ile tulipompeleka baba yako hospitali, nilimwambia nakwenda kununua maji, nikaingia chumba cha pili nikapimwa mimi. Miguu yangu inavimba tangu mwaka jana. Kulala chali siwezi, naegemea mito, na yeye anadhani nakesha kumlinda. Daktari amesema moyo umetanuka. Umechoka kusukuma. Amenipa vidonge, nimevitia kwenye kopo la chumvi maana jikoni haingii. Akasema nipumzike, nisipande vilima, nisibebe vitu. Nikamuuliza, nikipumzika mimi, nani atatembea na yule? Akaangalia karatasi zake.

Baba yako asijue. Yule mama wa mazoezi alisema mbele yangu kwamba wasiwasi unamfunga kifua kuliko hata lile vumbi. Nikimwambia leo, kesho atalala, na keshokutwa hainuki. Nimeishi na huyu mtu, namjua. Ana maneno mengi lakini moyo wake ni wa kifaranga.

Nia yangu ni moja, nakwambia wewe ili angalau mtu mmoja aijue. Kabla moyo huu haujanishinda, nataka baba yako aweze kufika posta na kurudi kwa miguu yake mwenyewe, bila mtu. Akifika posta atafika sokoni, atafika hospitali, ataishi. Mtu aliyezoea kuletewa maji kitandani, akifiwa na mletaji, naye ni wa kuzikwa wiki ile ile. Sitaki. Hayo tu.

Usilie. Kula vizuri.

Mama yako


Tarehe 8 Machi

Mama, shikamoo,

Umeniambia nisilie, nimelia mpaka msimamizi akanitoa kwenye pasi akaniweka kukunja. Mama, mficha maradhi kifo humuumbua, si ni wewe uliyenifundisha, na kofi juu, siku nilipoficha jipu? Sasa leo wewe unaficha moyo kwenye kopo la chumvi!

Nilitaka kupiga simu hapo hapo nimwambie Baba. Nikaishika, nikaiweka. Nikafikiria akisikia, kile kifua, na wewe peke yako naye ndani. Nikaogopa. Sawa, nitanyamaza. Sijui kama nafanya vizuri.

Lakini na wewe niahidi kitu kimoja. Ukichoka, kaa. Stuli si unayo mkononi mwenyewe? Baba haoni nyuma, na viatu vyako havisikii. Akisimama, na wewe kaa. Tafadhali, Mama.

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Chiriku,

Nina vichekesho viwili na jambo moja la maana.

Cha kwanza, mlinzi wangu ameota uvivu. Juzi tumepita kwa Fundi Viatu, nikachoka, nikageuka kuomba stuli kama nilivyoambiwa. Namkuta nani juu yake? Mama yako! Amekaa, kakunja mikono, anatazama barabara kama mwenye duka. Mimi mgonjwa nimesimama, yeye mzima amekaa! Fundi Viatu alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. “Mlinzi kapindua serikali!” Mama yako akasema alikuwa anaijaribu kama bado imara. Tangu hapo kila nikigeuka, kakaa.

Cha pili, nimemwambia nikipona kifua nitamtengenezea yeye kiti cha mbao chenye mikono, kisha nimfuate nacho nyuma. Akanijibu kwamba kwa spidi yangu atakuwa ameshafika na kurudi.

La maana ni kwamba nimefika kwenye tangi la maji. Unalijua, pale barabara inapoanza kupanda kwenda posta. Nilifika bila kukaa. Halafu nilipofika ndipo hofu ikanishika. Si kwamba nimechoka, nilitazama tu nyuma nikaona nyumba ilivyo mbali, nikajiuliza hewa ikikata hapa itakuwaje. Ikakata kweli. Nilidhani ndiyo basi. Nikasikia mkono mgongoni, na sauti yake, wala haina haraka: “Poza chai, mzee. Ya moto hiyo. Usiinywe bado.” Nikapoza. Nikapoza. Ikarudi.

Sijawahi kumwambia mama yako kitu cha maana maisha yangu yote, mimi na yeye ni kutaniana tu. Lakini pale kwenye tangi nilitaka kumwambia. Ila sikuwa na pumzi, na nilipoipata nikaona aibu.

Baba yako


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Barua hii anaipeleka posta Fundi Viatu. Mama yako hajui kama nimeandika, na wewe usimwambie.

Mama yako anaumwa.

Nilikuwa naona na sikuona. Juma lililopita nilitembea vizuri mno, miguu ilikuwa nyepesi, nikamwacha nyuma bila kujua. Nikageuka kumringia. Hakuwa amekaa. Alikuwa ameegemea ukuta wa shule, mkono kifuani, stuli imeanguka pembeni, na midomo yake ameibana hivi. Alikuwa anapoza chai. Zoezi langu, Chiriku. Alikuwa analifanya yeye.

Nikageuka mbele upesi asijue nimemwona.

Kesho yake nilikwenda kwa Fundi Viatu kwa kisingizio cha soli. Nikambana. Akasema mama yako amempelekea viatu vyake avitanue, mara mbili, kwa sababu miguu inajaa. Alimwapisha asiseme, na mimi nikamwapisha asiseme kwamba amesema. Maskini, sasa akituona tunakuja anainamia kazi yake, hata saluti hapigi.

Nilifikiria kumuuliza mama yako uso kwa uso. Lakini namjua. Atakataa, na akishakataa atatembea kwa nguvu zaidi ili kunionyesha. Nikimwambia tuache kutembea, atasema nataka kufa, tutagombana, na kugombana ni kubaya kwangu na sasa naona ni kubaya kwake.

Kwa hiyo nimepata njia yangu. Najifanya kuchoka. Kila baada ya nyumba mbili tatu nashika ukuta, nahema kwa sauti, nainamisha kichwa. Yeye ananifikia. Namwambia, kaa wewe, mimi kukaa kunanibana kifua. Anakaa, anapata kupumua. Tunarudi mapema, hata tangi hatulioni. Wallahi mwanangu, ningetaka, posta ningeshafika. Kifua kinaniruhusu. Kitu cha ajabu ni kwamba tangu nianze kumwogopea yeye, nimesahau kujiogopea.

Kilichobaki nipate njia ya kumfikisha kwa daktari bila yeye kujua ni kwa ajili yake. Nipe akili, wewe ulisoma.

Baba yako


Tarehe 17 Aprili

Mwanangu,

Mambo yameharibika. Baba yako anarudi nyuma. Mwezi uliopita alifika kwenye tangi mwenyewe, nilifurahi mpaka nikaimba jikoni. Sasa hata ukuta wa shule ni kazi. Anasimama kila mahali, anashika kuta, anahema mpaka watoto wanatutazama. Nikimpa stuli hataki, ananilazimisha nikae mimi, anasema kukaa kunambana. Hilo si dalili nzuri. Mama wa mazoezi alisema akianza kuacha atazidi kudhoofika, na kudhoofika kutamwongezea hofu, basi inakuwa ni kuzunguka humo humo.

Sina muda, nahisi. Usiku najaa maji kama kiroba. Kwa hiyo nimeongeza. Tunatoka asubuhi na tunatoka jioni. Ananuna, anasema nimekuwa askari jela, wacha anune. Miguu nimeifunga vitambaa chini ya kanga, inavumilia. Lazima afike kilimani mwezi huu, hata kwa kusukumwa.

Ulisema nikae akisimama. Nakaa. Asante, imenisaidia.

Mama yako


Tarehe 24 Aprili

Baba na Mama, shikamooni,

Barua hii naiandika kwenu wote wawili, isomwe kwa sauti, mmoja asimfiche mwenzake hata mstari.

Nimepata ruhusa kazini. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo na basi la asubuhi. Nina neno la kuwaambia na nitalisema nikiwa nimekaa katikati yenu, mmoja mkono huu na mwingine mkono huu. Siwezi kuliandika, kwa sababu sijui nani ataifungua bahasha kwanza, na sitaki yeyote kati yenu alisikie akiwa peke yake.

Mpaka nifike, MSITEMBEE. Hakuna kwenda kwa Fundi Viatu, hakuna tangi, hakuna posta. Stuli iwekeni uvunguni. Baba, usitembee. Mama, usitembee. Mkae ndani mtaniane.

Nawapenda sana wote wawili, na mna vichwa vigumu kama kinu.

Chiriku wenu


Tarehe 30 Mei

Baba, shikamoo,

Nimefika salama, nimerudi kwenye pasi. Msibani kwa Mama uliniambia tusiongee, nikanyamaza. Ulikuwa umegeukia ukutani na watu walikuwa wengi. Sasa naongea, kwa karatasi, kwa sababu uso kwa uso nilishindwa.

Baba, nilikuwa na barua zenu zote mbili. Yako ya kusema unajifanya kuchoka ili Mama apumzike, na yake ya kusema umedhoofika, kwa hiyo anaongeza safari. Zilifika wiki moja. Nilizilaza juu ya meza ya pasi nikazisoma moja baada ya nyingine, na nilielewa pale pale. Ningepiga simu. Spika au si spika, ningepiga nikapiga kelele. Badala yake nikaanza kuomba ruhusa kazini na kuandika barua ya adabu. Mama aliniapisha na wewe uliniapisha, nikaona nikivunja kiapo cha mmoja nitamuua mwingine. Barua yangu jirani anasema ilifika siku ile ile mnatoka kumzika.

Alijua moyo wake tangu Februari. Maneno yake nakunakilia kama alivyoandika: “Kabla moyo huu haujanishinda, nataka baba yako aweze kufika posta na kurudi kwa miguu yake mwenyewe, bila mtu.” Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, Baba. Hakuwa anakulinda kwa siku zile. Alikuwa anakuandaa kwa siku hizi.

Nikasirikie. Lakini amka.

Chiriku


Tarehe 12 Juni

Baba, umepata barua yangu? Jirani akinipokelea simu anasema umelala. Saa zote umelala. Nijibu hata mstari mmoja, hata tusi.

Chiriku


Tarehe 21 Juni

Kwa binti wa Mheshimiwa,

Salamu. Mimi Fundi Viatu wa kona. Si mwandishi, utanisamehe.

Mzee hatoki. Barua yako ya kwanza nilimpa mkononi, aliisoma, akaitia chini ya mto, akageuka. Ya pili hakuifungua. Jirani anampelekea chakula na sahani inarudi ilivyokwenda. Miguu imeanza tena kuwa fito. Nilimwambia Mheshimiwa, toka hata mpaka kwangu, nikupigie saluti. Akasema hana mlinzi.

Mimi naumia sana dada yangu. Vile viatu nilivitanua kwa mikono yangu na nikanyamaza.

Kuna jambo nataka kuuliza. Stuli iko kwangu. Siku ile watu walipombeba mama, iliachwa barabarani, nikaiokota kabla gari halijaipitia. Nimeificha nyuma ya ngozi. Nimrudishie au niitupe? Naogopa akiiona itammaliza.

Fundi Viatu


Tarehe 29 Juni

Fundi, mrudishie.

Binti yake


Tarehe 19 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba, kwa shikamoo zako zote ambazo sikuitikia.

Sitakudanganya kwamba sikukukasirikia. Nilikukasirikia mpaka nikaogopa. Nilisema, mtoto ana barua zote mbili mezani na anaandika “shikamooni”. Halafu nikamkasirikia mama yako na kopo lake la chumvi. Nililipata, Chiriku. Nilikwenda kutafuta chumvi ya kuweka kwenye maji ya moto nisukutue, nikatumbukiza kidole nikagusa vidonge. Nilikaa chini jikoni. Baada ya hapo sikubaki na mwingine wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe, yule fundi wa kujifanya kuchoka.

Hujaniuliza siku ile ilikuwaje. Nakushukuru, lakini nitakwambia, kwa sababu nikibaki nayo peke yangu inanibana kuliko vumbi.

Tulitoka asubuhi. Alinishika mkono mlangoni akasema leo tunafika posta hata kama ni kwa kutambaa. Nikaogopa kwa ajili yake. Tulipopita tangi na kilima kikaanza, nikasimama, nikashika nguzo ya umeme, nikahema ile hema yangu ya uongo. Nimekuwa hodari, ungenipigia makofi. Alinifikia. Akaweka stuli chini. Nikamwambia kaa wewe. Akasema kaa wewe. Kaa wewe, kaa wewe, watu wazima katikati ya barabara, mpaka mwenye mkokoteni akatupigia kelele tupishe njia. Basi nikakaa mimi, ili yaishe.

Yeye akasimama nyuma yangu, akaniwekea mikono mabegani. “Poza chai, mzee.” Nikapoza. Ilikuwa ya uongo, kifua changu kilikuwa kizima kabisa asubuhi ile, lakini nikapoza ili asishtuke. Nikasikia mikono yake inakuwa mizito. Nikadhani ananiegemea. Nikafurahi, mwanangu. Nikasema moyoni, afadhali, leo amekubali kupumzika. Nikakaa kimya ili asiondoe mikono. Sijui nilikaa muda gani hivyo, nimefurahi.

Hayo ndiyo. Sasa unayajua.

Fundi Viatu aliileta stuli, akaiweka mlangoni, akaondoka bila kupiga hodi. Nilipoiona nilitaka kuipiga teke. Nikashindwa, miguu haina nguvu ya kupiga teke hata plastiki. Ikakaa pale. Jirani akiingia anaizunguka. Nikaitoa barua yako chini ya mto, nikausoma tena ule mstari wake. Bila mtu, alisema. Ninyi wanawake wawili mlikuwa mnapanga mambo yangu kwa barua kama vile mimi ni gunia.

Nikaanza na mlango. Kisha ukuta wa jirani. Kisha kona, na Fundi Viatu alipoinua mkono apige saluti nilimwambia akithubutu nitampiga na hiyo stuli, akashusha mkono, akalia. Tukalia wote, misumari imo mdomoni mwake. Ukuta wa shule ulinichukua siku nyingi kuliko tangi.

Hofu haijaondoka, usije ukadhani. Ipo. Inanijia nikiwa nafunga vifungo vya shati. Lakini nimejua kitu kimoja, kwamba inakuja, inakaa, halafu na yenyewe inachoka.

Leo nimetoka na stuli mkononi. Kubeba stuli si kazi ndogo, nakwambia, inagonga goti kila hatua, sijui aliwezaje. Pale kwenye nguzo ya umeme kifua kilijifunga. Safari hii nilihema kweli, na hapakuwa na wa kumdanganya. Niliweka stuli mahali pale pale, nikakaa, mikono magotini, nikapoza chai. Mabega yalikuwa mepesi, ndicho nilichoshindwa kukivumilia. Nilililia jina lake kwa sauti. Watu wakapita. Nikapoza tena, mpaka ikarudi, nikainuka.

Haya maneno ya mwisho nayaandikia hapa kaunta ya posta, kwa kalamu yao ya kufungwa kamba. Nimefika. Karani, kijana mpole, ameona stuli, akaniuliza, “Mzee, umekuja na nani?” Halafu akatazama nyuma yangu. Mimi pia nikageuka kutazama.

Nimemwambia nimekuja peke yangu. Amenipa stempu, nimeilamba mwenyewe. Mkono ulio kwenye bahasha ni wangu, kama ulivyotaka. Kurudi ni mteremko, nitafika.

Baba yako